Picha ya mama mzaa chema imetua juu ya neno NDAFU. Huyu jamaa simsamehe!!!

Wakuu, habari za Jumapili kwa wenye Jumapili. Mimi sina.

Nasema ile programu ya kuchapia maandishi. Simtaji jina. Mnamjua. Yuko kwenye kila kompyuta ya steshenari kuanzia Kariakoo mpaka Kigoma, yuko ofisini kwenu, yuko kwenye laptopu ya mwenyekiti wa mtaa, na hakuna aliyewahi kuandika barua ya kuomba kazi bila kupita mikononi mwake. Kwenye maandishi matupu ni mpole kama mwali wa ndani. Mwekee picha MOJA ndipo utajua umeoa nyumba gani.

Jana ilikuwa sendofu ya dada yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Mimi ni katibu wa kamati, nikapewa kazi ndogo kuliko zote: kijitabu cha ratiba. A4 moja, inakunjwa katikati, kurasa nne. Wa kwanza bi harusi mtarajiwa. Wa pili "KARIBUNI WAKWE ZETU", na chini yake picha ya mama mzaa chema, aliyetoka Songea na basi la alfajiri kuja kutuheshimu. Wa tatu ratiba ya ukumbini, na humo ndimo anaingia ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Wa nne shukrani. Mtoto wa darasa la tano angemaliza kabla ya uji kupoa.

Mimi nilianza saa mbili usiku, nikamaliza saa nane.

Saa sita nzima! Nikisogeza picha kidogo kushoto, maandishi yanakimbilia kulia kama yameona nyoka. Nikiirudisha, kichwa cha habari kinapanda juu, jina la baba linakatika vipande viwili, "Kabu" huku na "rasi" kule. Nikabonyeza ile ya picha kukaa nyuma ya maandishi. Ikakaa. Kisha haishikiki tena, naibonyeza nashika maneno, naibonyeza nashika hewa, mama wa watu namwona kwa macho lakini simfikii, kama nimemfungia ndani ya kioo. Mwisho nikaileta mbele ya maandishi na nikamwambia huyu bwana kwa ile amri yake mwenyewe kabisa: picha itulie mahali pake kwenye ukurasa, isitembee na maandishi. Akakubali! Akaniwekea na kialama cha tiki!

Asubuhi nikapeleka steshenari, kopi 150. Sikugusa kitu.

Sasa sikilizeni. Ukumbini, meza kuu. Mama mzaa chema anapokea kijitabu. Anafungua mkoba, anatoa miwani yake ya kamba, anaivaa taratibu. Ukurasa wa pili: KARIBUNI WAKWE ZETU, jina lake, na uwazi mweupe. Hakuna mtu. Anageuza macho ukurasa wa tatu. Yuko pale. Picha imefunika vipengele vitatu vya ratiba na imetua kwa raha zake juu ya herufi kubwa nyeusi:

NDAFU

Na chini yake, kwa maandishi ya kulala niliyoyapamba mimi mwenyewe: "Ataingia kwa vigelegele, kisha atakatwa na kugawiwa wakwe kwa heshima."

Kopi mia na hamsini. Rangi.

Mama akasoma. Akampa dada yake pembeni, naye akasoma. Wakaniita. Nikapiga goti, shikamoo mama. Marahaba. Akaniangalia juu ya miwani, akasema kwa upole ule wa kukuua: "Mwanangu, mimi naliwa saa ngapi?"

SAA NGAPI, wakuu. Ndafu akaingia kwenye toroli, majani mdomoni, na meza nzima ya Songea ikageuka kumtazama mama.

Naomba kuwasilisha.

Karanga za Mtwara
Nimewahi siti ya mbele. Mwenye kahawa apitishe huku.

Mjomba Kijiweni
Chai. Tena ya rangi, haina hata tangawizi. Kamati nzima watu ishirini hakuna aliyefungua kijitabu kabla ya ukumbini?

Katibu Kata (mleta mada)
Mjomba Kijiweni, viliwekwa ndani ya boksi, boksi likapakiwa kwenye gari la mapambo. Tulikuwa tunahangaika na jenereta. Nani ana muda wa kukagua mama wa watu amehamia wapi? Picha inahama usiku kama mganga!

Nanga Imezama
Pole mkuu, lakini huyo jamaa hakukudanganya. Kila picha inayoelea ina nanga, na nanga inafungwa kwenye aya. Picha lazima ilale ukurasa mmoja na aya yake, watake wasitake. Wewe ulimwambia "kaa sehemu hii ya ukurasa". Hukumwambia ukurasa upi. Aya yenye nanga ikisukumwa ukurasa wa tatu, picha inaifuata na kukaa kimo kilekile ulichoagiza, ila nyumba ni ya jirani. Swali langu ni moja: hiyo aya ilisukumwa na nini? Uliongeza nini?

Katibu Kata
Sikuongeza kitu.

Bint Pangani
Mtoa mada wewe una nafuu, picha yako ilionekana. Mimi tasnifu. Ramani ya bonde la Rufiji, nimeihangaikia wiki mbili, naibandika, inatokea uzi mwembamba kama ukope. Naifuta, naibandika, ukope. Nikachapa hivyo hivyo nikidhani ni kioo cha kompyuta. Msimamizi wangu akauzungushia wino mwekundu, akaandika: "Mto huu umekauka?" Hadi leo kwenye korido ananiita Mama Rufiji.

Nanga Imezama
Bint Pangani, uliweka nafasi ya mistari kwa kipimo kamili, siyo? Picha iliyokaa ndani ya mstari anaihesabu kama herufi moja kubwa. Ukimwambia kila mstari uwe na kimo fulani basi, anaikata picha ilingane na mstari. Rudisha mstari mmoja au moja na nusu kwenye aya ile tu, mto utajaa maji.

Bint Pangani
Miaka minne. Miaka minne nimebeba hili jina, na dawa ilikuwa kubonyeza mara mbili. Sijui nicheke au nikalale.

Mjomba Kijiweni
Mama Rufiji hahahaha

Dada wa Steshenari
Nimevumilia, sasa nasema. Lawama zote kwetu na kwa kompyuta, nyie wateja malaika. Mtu analeta faili kwenye flashi yenye virusi vya ukoo mzima, ndani amepanga picha kwa kupiga spesi arobaini na enta kumi na mbili. Fonti aliyotumia ni ya maua ya harusi, iko kwenye laptopu yake peke yake. Akifungua kwangu fonti haipo, inawekwa nyingine, ile nyingine ni nene, mistari inaongezeka, kila kitu kinashuka. Halafu ananigeukia: "Dada mbona umeharibu?" Leteni PDF! Kila siku nasema leteni PDF! Na wewe Katibu Kata, uliongeza mstari. Huwa mnaongeza. Mnasimama nyuma ya kiti changu mnaniambia "hebu nisogee nirekebishe kidogo tu".

Katibu Kata
Haya. Mstari MMOJA. Mwenyekiti wa kamati alipiga simu nikiwa steshenari, anataka kwenye ukurasa wa pili iandikwe "na ukoo wote wa Kibosho". Maneno matano. Ndiyo maneno matano yamhamishe mtu mzima na kumlaza juu ya mbuzi?? Mngeuona ule uso. Miwani imeshuka puani. "Mwanangu, mimi naliwa saa ngapi." Nimekaa hapa nasikia ile sauti kwenye feni.

Karanga za Mtwara
Maneno matano yameangusha ndoa ngapi, mkuu. Tulia.

Mzee Stensili
Vijana. Mimi nimechapa ratiba za jubilei, za misiba, za mikutano ya chama, kwa taipureta na stensili. Unachapa, unaacha uwazi kwa kuhesabu mistari, unapaka gundi, unabandika picha. Picha haikuwahi kuhama hata siku moja. Ikihama ujue mtoto ameichezea.

Dada wa Steshenari
Mzee wangu shikamoo. Mende walikuwa hawali gundi?

Mzee Stensili
Marahaba. Walikuwa wanakula. Lakini walikuwa hawawasogezi wakwe.

Kopo la Wino
Wenye akili tulishahama zamani, tunaandika kwa LaTeX, programu ya kupanga kurasa kwa amri za kuandika. Profesa Knuth pale Stanford alikasirishwa na jinsi kitabu chake kilivyopangwa, akaacha mambo yake akaunda TeX, mama yake LaTeX, toleo la kwanza 1978. Hasira zina faida zikimpata mwenye kazi. Nyie mnakasirika mnafungua uzi.

Bint Pangani
Kopo la Wino, kwenu huko mwenzangu alisema "picha iwe hapa" akaikuta mwisho wa sura, zimepangwa saba kama zinasubiri daladala. Usitutishe.

Kopo la Wino
Hiyo inategemea. Kuna herufi kubwa H ya kumlazimisha, lakini uite kifurushi chake kwanza, na

Mjomba Kijiweni
Herufi kubwa H ndiyo ingemwokoa mama wa Songea? Kaa chini.

Dada wa Steshenari
Ninavyofanya mimi bure kabisa: jedwali. Chora jedwali la safu mbili, picha kisanduku hiki, maandishi kile, picha iache ikae kwenye mstari isielee. Kisha futa mistari ya jedwali isionekane. Mteja anadhani nimesomea India. Picha haitoki kwenye chumba chake.

Katibu Kata
Dada asante, ila nimechelewa siku moja. Sasa nina tatizo jingine: nataka nimchapie mama kopi yake safi, niipeleke kesho kabla hajapanda basi. Picha yenyewe nilitumiwa kwa simu nikaifuta, imebaki ndani ya lile faili tu. Nikiinakili inatoka imefifia.

Nanga Imezama
Tengeneza nakala ya faili, pale mwishoni mwa jina lake palipoandikwa docx badilisha uandike zip, kisha lifungue. Ndani kuna folda linaitwa word, ndani yake jingine linaitwa media. Picha zote zimelala humo, hata wa Songea yumo.

Katibu Kata
DUH. Nimemkuta. Yuko peke yake, hana ndafu wala nini, anatabasamu. Kumbe muda wote alikuwa ametulia humu ndani na huku nje huyu jamaa anamtembeza!

Mangi wa Mbezi
Tuache hayo. Mleta mada unasema ndafu aliingia kwenye toroli. Ndafu wa Kichagga anaingia kwa toroli tangu lini? Anabebwa.

Karanga za Mtwara
Dar wanamwingiza kwa toroli mkuu, tena lina taa za rangi. Nimeona kwa macho.

Mangi wa Mbezi
Mnaua mila. Na huyo mbuzi alikuwa mkubwa kiasi gani mpaka ashindikane kubebwa?

Mjomba Kijiweni
Kwenye bajeti mkubwa, ukumbini kama sungura. Kamati hizi tunazijua. Katibu, mwaga risiti hapa.

Katibu Kata
Wakuu, uzi unahusu PICHA. Mbuzi anatoka wapi?

Karanga za Mtwara
Mbuzi ametoka ukurasa wa tatu, wewe ndiye uliyemweka.

Bint Pangani
Mimi nilikwenda harusi moja tukapewa ubavu tu, tukaambiwa ndiyo kipande cha ndafu. Nilichanga laki.

Mzee Stensili
Laki kwa ubavu? Enzi zetu ukichanga unakula na unabeba.

Mangi wa Mbezi
Kula na kubeba hiyo ilikuwa kijijini mzee. Hapa mjini mbuzi wenyewe wanatoka mnadani Pugu, ukichelewa unabakiziwa wazee wenzako.

Katibu Kata
Jamani mama anaondoka kesho alfajiri. Nani ana jedwali la safu mbili tayari nijaze tu?

Mjomba Kijiweni
Mangi, mnada wa Pugu siku hizi dume lililonona linaanzia shilingi ngapi? Nina ubatizo mwezi ujao.