Mnaowafundisha watoto kwamba Marekani ilipata uhuru kwa sababu kodi ya chai ilipanda: mmetuchosha!

Wakuu, heshima kwenu. Mods, naomba uzi huu ubaki jukwaa hili la historia, msije mkauunganisha na zile nyuzi za uchaguzi wa Marekani.

Nimekereka, na leo sitaki kuremba. Mtoto wa dada yangu yupo kidato cha sita, anasoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Kaja likizo na desa alilouziwa buku tano kwenye duka la steshenari, limepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Nikaomba nisome pale palipoandikwa makoloni 13, yale ya Uingereza yaliyokuja kuwa Marekani. Ukurasa mmoja na nusu umemaliza miaka 170! Wazungu walikimbia mateso ya dini, wakaja na meli ya Mayflower, wakakaa kwa raha zao, mfalme akapandisha kodi ya chai, wakamwaga chai baharini, wakapata uhuru 1776. Kwisha habari. Nikaingia YouTube kwenye vipindi vyetu vya Kiswahili nikidhani nitapata nafuu, nako ni yale yale, ila wao wameongeza muziki wa kutisha.

Jamani. Mayflower ilifika 1620. Jamestown, Virginia, ilikuwa na watu tangu 1607, na hao hawakukimbia mateso yoyote. Walitumwa na kampuni ya wenye hisa wa London waliotaka dhahabu na faida. Dhahabu hawakuipata, wakapata njaa. Majira ya baridi ya 1609 kuamkia 1610 waliponea kama watu 60 tu kati ya mamia. Walikula mbwa, wakala panya, wakachemsha ngozi za viatu. Mwaka 2012 wanaakiolojia walichimbua pale mabaki ya binti wa miaka kama 14, fuvu lake lina alama za kisu cha mtu aliyekuwa anatoa nyama. Hayo ndiyo maisha ya raha mnayowaandikia watoto.

Kilichowaokoa ni tumbaku, aliyoanza kuilima John Rolfe miaka michache baadaye. Na tumbaku inachosha ardhi vibaya, kwa hiyo kila baada ya misimu michache mlowezi anataka shamba jipya. Kampuni ikatangaza ekari 50 kwa kila kichwa utakachokilipia nauli. Hizo ekari zilitoka wapi? Kwa Wapowhatan waliokuwa wanaishi pale, ambao 1622 walichoka wakaua walowezi zaidi ya 300 kwa siku moja. Desa langu halina neno "Powhatan" hata mara moja.

Halafu 1619. Mwaka huu kwangu ni mkubwa kuliko 1776, na hakuna anayeugusa. Julai mwaka ule, Jamestown ilikaa na baraza la kwanza la wajumbe waliochaguliwa na walowezi wenyewe. Mwezi uliofuata ikatia nanga meli iliyobeba Waafrika kama 20 waliotekwa Angola, wakabadilishwa kwa chakula. Sehemu ile ile, kiangazi kile kile. Ukishika hayo mawili hadithi nzima inaeleweka, ukiyaacha unabaki na majani ya chai.

Lile baraza ndilo mzizi wa ugomvi wote. Kila koloni baadaye likawa na la kwake, na mabaraza yakashika mfuko. Gavana katumwa na mfalme sawa, lakini mshahara wake katika makoloni mengi ulikuwa unapigiwa kura na wajumbe wa pale pale. Ukileta ubabe, mwaka unaisha hujalipwa. London iko ng'ambo ya bahari, barua inakwenda wiki nyingi, na Waingereza wenyewe wana vita yao ya ndani mpaka 1649 wanamkata mfalme kichwa. Sheria za biashara ya meli zilikuwepo tangu 1651, lakini wafanyabiashara wa Boston na New York walizipitia pembeni kwa magendo, na maofisa wa forodha wakafumba macho kwa bei nzuri. Mfalme James II alijaribu mwaka 1686 kuyaunganisha makoloni ya kaskazini chini ya gavana mmoja asiye na baraza, Edmund Andros. Waliposikia James kapinduliwa, watu wa Boston wakamtia Andros ndani.

Sasa piga picha: mwenye nyumba kakuachia nyumba miaka mia na zaidi, umeezeka, umepanga wapangaji wako, siku moja anabisha hodi anataka kodi na anataka kukuchagulia chumba cha kulala. Hiyo ndiyo 1763.

Uingereza ilikuwa imeshinda vita vya Miaka Saba dhidi ya Ufaransa na kubaki na deni la takribani pauni milioni 130. Ikaamua kuacha askari kama 10,000 Amerika na kutaka makoloni yachangie gharama. Oktoba mwaka huo mfalme George III akatoa tangazo: hakuna mlowezi kuvuka milima ya Appalachia, ng'ambo ni ya Wahindi Wekundu. Hakufanya hivyo kwa huruma, alikuwa anakwepa gharama za vita nyingine, maana Pontiac, kiongozi wa Wahindi Wekundu, na wenzake walikuwa wameshateka ngome kadhaa. Lakini kwa matajiri wa Virginia waliokuwa wanaimezea mate ardhi ya bonde la Ohio, ng'ambo ya milima hiyo, lilikuwa pigo. Mmojawapo anaitwa George Washington. Mwaka 1767 alimwandikia mpima ardhi wake amtafutie maeneo mazuri kule kule kulikokatazwa, kimya kimya, kwa kuwa yeye aliliona lile tangazo kuwa la muda tu la kuwatuliza wenyeji. Umeliona hili kwenye desa lolote? Mimi bado.

Ndipo ikaja Sheria ya Stempu, 1765. Karatasi zilitakiwa kuwa na stempu ya serikali: magazeti, hati za mahakama, leseni za vilabu vya pombe, vyeti vya chuo, mpaka karata za kuchezea. Bunge la London halikupima lilimgusa nani. Liliwagusa wanasheria, wachapa magazeti na wenye vilabu, yaani watu watatu wenye midomo mirefu kuliko wote mjini. Boston wakatengeneza sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu, wakaininginiza kwenye mti, usiku wakabomoa jengo walilodhani ni ofisi yake. Kesho yake Oliver akaahidi kujiuzulu. Machi 1766 Bunge likaifuta sheria, na papo hapo likapitisha nyingine ya kusema lina mamlaka ya kuwatungia sheria katika jambo lolote lile. Soma hapo tena. Pesa wamesamehe, mamlaka hawakuachia.

Tuje kwenye hiyo chai yenu. SHERIA YA CHAI YA 1773 HAIKUPANDISHA KODI. Ushuru wa peni tatu kwa ratili ulikuwepo tangu 1767. Kilichofanyika 1773 ni kuiokoa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliyokuwa na maghala yamejaa na madeni shingoni: ikaruhusiwa kupeleka chai yake Amerika moja kwa moja na kurudishiwa ushuru wa Uingereza. Matokeo yake chai halali ingekuwa RAHISI kuliko ya magendo ya Waholanzi. Nani anaumia? Mfanya magendo. Na mfanyabiashara wa kawaida pia, kwa sababu chai ilipewa mawakala wateule, na Boston miongoni mwao walikuwemo watoto wawili wa gavana Hutchinson. Mlalahoi naye akaambiwa, na si uongo, kwamba akinywa hiyo chai ya bei poa amekubali Bunge asilolichagua limtoze.

Usiku wa Desemba 16 watu wa Boston wakapanda meli tatu, Dartmouth, Eleanor na Beaver, wakamwaga makasha 342. Maji yalikuwa yamekupwa, chai ikarundikana pembeni mwa meli mpaka ikabidi waingie kuisukuma na kuikanyaga ili izame. Kufuli moja lililovunjwa likarudishiwa jipya. Wahuni hawalipi kufuli, wale walikuwa wanapeleka ujumbe.

Na hata hapo bado wengi waliona Boston wamezidisha. Kilichowageuza ni adhabu ya 1774: bandari yote ikafungwa, katiba ya Massachusetts, koloni lenye mji wa Boston, ikachezewa, mikutano ya miji ikabanwa. Virginia na South Carolina wakajiuliza, leo wao kesho nani? Septemba makoloni 12 yakatuma wajumbe Philadelphia (Georgia hakuja, alihitaji askari wa mfalme dhidi ya Wacreek, kabila la wenyeji). Aprili 1775 risasi zikalia Lexington, Massachusetts. Vita imeanza zaidi ya mwaka mzima kabla ya tamko la uhuru, na mtoto anafundishwa kinyume!

Na 1776 siyo mwaka wa kupata uhuru, ni mwaka wa kuutangaza. Kura yenyewe ilipigwa Julai 2, maandishi yakapitishwa Julai 4. Kuupata ni habari ya jeshi na meli za Ufaransa, zilizowabana Waingereza pale Yorktown mwaka 1781, na Mkataba wa Paris wa Septemba 1783.

Kinachoniuma zaidi ni sisi Waafrika kuisimulia hadithi hii tukijiruka. Novemba 1775 gavana wa Virginia, Lord Dunmore, alitangaza kuwa mtumwa wa muasi akikimbilia kwa mfalme na kushika bunduki atakuwa huru. Hakuwa mtu mwema, yeye mwenyewe alikuwa na watumwa. Lakini maelfu walikimbia kwenda upande wa Waingereza kabla vita haijaisha. Mmoja aliitwa Harry Washington, mzaliwa wa pande za Gambia, mtumwa wa huyo huyo George. Alitoroka, vita ilipoisha akapelekwa Nova Scotia (Kanada ya leo) na wenzake kama 3,000, na 1792 akavuka tena bahari kwenda Freetown, Sierra Leone. Kule kampuni ya Waingereza ikawatoza kodi ya ardhi waliyoahidiwa bure. Mwaka 1800 Harry akawa miongoni mwa waliogoma na kuasi. Wakashikwa, wakahukumiwa, wakafukuzwa. George kwa kukataa kodi kawekwa kwenye noti. Harry hayumo hata kwenye fotokopi.

Najua watakuja wale wa "mkuu, mtihani unataka hivyo hivyo". Karibuni, ila mje na jibu la hili: Barbados na Jamaika zilikuwa makoloni ya mfalme yule yule, zilitozwa stempu kama Boston, zikanung'unika zikalipa. Baadaye hazikuasi, na idadi kubwa ya watu wake ilikuwa watumwa walioshikiliwa kwa bunduki za askari wa mfalme. Kama shida ilikuwa kodi tu, mbona wao walitulia?