Watoto wa jirani na televisheni yetu ya jioni: mpaka uwekwe wapi?

Mama wa Luanda

Hamjambo nyote. Naishi katika kijiji kilicho karibu na Luanda, Kaunti ya Vihiga, ambako nyumba zimekaribiana kiasi kwamba televisheni ikiwashwa kwetu, maboma ya jirani hujua ni kipindi gani kimeanza. Stima ilitufikia miaka michache iliyopita, na ingawa nyumba nyingi sasa zina taa, televisheni bado ni za kuhesabu. Kwa sababu hiyo sebule yetu imekuwa makutano ya watoto wa mtaa kuanzia wanapotoka shuleni hadi usiku, na siku za Ijumaa na Jumamosi hata zaidi.

Sina kinyongo na watoto hao. Wanachota maji na wanangu, wanasoma shule moja, na mama zao ndio waliokesha nami tulipofiwa. Taabu yangu huanza chakula kinapokaribia kuiva. Nikiwa nimesonga ugali wa kututosha sisi wa nyumbani, pamoja na omena au sukuma wiki ya kiasi hicho hicho, siwezi kupakua mbele ya watoto waliokaa mkekani wakinitazama, wala siwezi kuwaambia waondoke, kwa maana neno hilo litafika kwao kabla wao hawajafika. Tunaishia kula saa tatu usiku, wanangu wakisinzia na kazi waliyopewa na mwalimu haijaguswa. Mama mkwe, ambaye hapendi kukosa taarifa ya habari ya saa moja, hulazimika kusogeza kiti chake hadi karibu aguse kioo ndipo asikie.

Mume wangu anafanya kazi Nakuru na hurudi mwisho wa mwezi. Yeye halioni jambo la chakula, kwa kuwa hayupo. Analalamikia tokeni za stima tu, akisema kwamba televisheni ndiyo inayozimaliza, na amependekeza niihamishie katika chumba cha kulala. Mimi naona kwamba kuificha ni kuwatangazia majirani ugomvi ambao haupo. Naomba kujua wenzangu mnaweka mpaka wapi, na pia kama ni kweli televisheni inakula stima kiasi hicho.

---

Fundi wa Ahero

Mama, nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ndilo kazi yangu. Televisheni za kisasa za kioo chembamba, zile za inchi 32 ambazo wengi wanazo vijijini, hutumia takriban wati 30 hadi 60, nacho king'amuzi huongeza wati chache tu. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima, kwa hiyo tukichukua wati 50, kutazama kwa saa tano ni robo uniti kwa siku, yaani uniti saba na nusu kwa mwezi mzima. Tuseme watoto wa jirani wanakuongezea saa mbili: hizo ni sehemu moja ya kumi ya uniti kila siku, ambayo ni uniti tatu kwa mwezi. Hata ukikadiria kila uniti kwa shilingi 30 pamoja na kodi zake, hazifiki shilingi 100. Kama yako ni ya zamani yenye mgongo mkubwa, zidisha hesabu hiyo mara mbili hivi.

Sasa mwulize mzee wa nyumba kuhusu pasi. Pasi ya umeme ni wati 1,000 na zaidi, na ile hita inayotumbukizwa ndani ya ndoo ili kuchemsha maji ya kuoga mara nyingi ni wati 1,500. Dakika 20 za hita hiyo ni nusu uniti, ambayo ingewaonyesha watoto televisheni kwa saa kumi.

Kuna jambo moja tu ambalo linaweza kumfanya awe na haki kidogo. Katika bei zilizoanza kutumika Aprili 2023, nyumba ambayo wastani wa matumizi yake kwa miezi mitatu hauzidi uniti 30 kwa mwezi huwekwa katika daraja la chini kabisa, na ikizidi hapo hupandishwa daraja, kila uniti ikawa ghali zaidi. Basi ikiwa nyumba yenu iko kwenye uniti 28 au 29, hizo tatu za watoto zinaweza kuwavusha mstari, na ongezeko mtakaloliona halitokani na uniti tatu peke yake bali na zote. Ukishikwa na wasiwasi huo, andika namba za mita asubuhi na jioni kwa wiki moja, na siku ya kupiga pasi uitie alama. Utamwonyesha karatasi badala ya kubishana naye kwa simu.

---

Nyanya wa Maseno

Mwanangu, hesabu ya fundi ni nzuri, lakini hata stima ingekuwa ya bure wewe ungekuwa bado unakula saa tatu usiku.

Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto hafukuzwi mahali ambapo moto unawaka, na mwenye nyumba akimwambia mtoto wa mwenzake aondoke kwa sababu chakula kimeiva, amekwisha kumtukana mama yake. Lakini pia kulikuwa na upande wa pili ambao siku hizi umesahaulika: ilikuwa aibu kwa mzazi mtoto wake kukutwa katika boma la watu saa ya kupakua. Jioni ungesikia akina mama wakiita watoto wao kwa majina, huyu kutoka mgombani, yule kutoka kisimani, na kila mmoja akakimbilia kwao. Aliyewaondoa hakuwa mwenye boma. Waliitwa na mama zao.

Kwa hiyo usiseme na watoto. Sema na mama zao, tena mchana, wala si siku ambayo umekasirika. Kama mna chama, lilete huko mkishamaliza mambo ya fedha, ulieleze kama jambo la watoto wote kulala mapema, kisha mkubaliane kwamba ikifika saa kumi na mbili na nusu kila mama amwite wake. Usiseme ugali ulipungua. Hata wakijua, wasilisikie kwako.

Kuhusu kuificha chumbani, sikubaliani kabisa na bwana. Kitu ambacho watu wamekwisha kukiona hakifichiki, na sauti itapita dirishani vile vile.

---

Kijana wa Kondele

Mimi nilitazama televisheni kupitia dirisha la jirani nikiwa mdogo, kwa hiyo huenda sina usawa katika jambo hili. Naomba tu mfikirie watoto hao huenda wapi mlango wako ukifungwa. Wavulana wa miaka kumi na miwili hawatarudi nyumbani kusoma. Wengi wataelekea katika vibanda vya kuonyesha mpira na filamu, ambako mtu hutoa shilingi chache mlangoni na hakuna anayemwuliza umri. Siku ambayo Gor Mahia inakutana na AFC Leopards, kibanda hujaa hadi usiku, na mtoto hutoka humo na lugha ambayo mama yake hakumfundisha. Nyumba yenye nyanya anayetaka taarifa ya habari ni salama kuliko hapo, hata kama kelele zinamsumbua.

---

Mwalimu, Kakamega

Nakubaliana na Nyanya kuhusu kuwatumia akina mama, ila nadhani saa za kabla ya kuitwa nazo zina nafasi ambayo inapotea bure. Watoto wanafika kwako kati ya saa kumi na saa kumi na moja. Weka sharti moja: televisheni haiwashwi mpaka kila aliyeketi awe amemaliza kazi yake ya shule, na asiyekuja na daftari achezee uani hadi wenzake wamalize. Baadhi yao wanatoka katika nyumba ambazo jioni hutegemea koroboi au tochi ya simu, kwa hivyo meza yenye mwangaza ni msaada mkubwa kwao. Nakuonya mapema kwamba utaulizwa maswali ya hesabu ukiwa unakatakata mboga, na hakuna atakayekulipa.

Jambo la pili ni kile kinachotazamwa, na hapa nadhani hatujalipa uzito wake. Mtoto wa mwenzako akiona kitu kisichomfaa sebuleni mwako, lawama ni yako. Kwa mujibu wa kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano za mwaka 2016, vituo vya televisheni na redio vya bure vinatakiwa kuonyesha na kutangaza yale yanayofaa familia nzima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Hiyo ni kinga nzuri kwa jioni za kawaida. Haihusu filamu ambayo mwanao mkubwa ameileta kwenye flashi kutoka sokoni na kuichomeka nyuma ya televisheni. Filamu zilizokaguliwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu huwa na alama: GE ni ya watu wote, PG inahitaji mwongozo wa mzazi, kisha kuna 16 na 18 ambazo ni umri wenyewe. Za kwenye flashi mara nyingi hazina alama yoyote, na kwa maoni yangu zisifunguliwe kabisa watoto wa watu wakiwa ndani. Rimoti nayo iwe mkononi mwa mtu mzima mmoja, na simwoni anayefaa kuliko mama mkwe, ambaye atapata taarifa yake ya saa moja bila kumwomba mtu.

---

Mkulima wa Njoro

Nimesoma hesabu ya fundi nikatabasamu, maana sisi tunaotumia sola tungefurahi kama shida yetu ingekuwa shilingi 100. Televisheni yangu ilikuja pamoja na paneli, betri na taa, nikawa nalipa kidogo kidogo kila siku kwa M-Pesa. Ukichelewa kulipa, mtambo hujifunga. Televisheni yenyewe haili sana, lakini betri ni ile ile ya taa. Watoto wakianza kutazama saa kumi jioni siku ambayo kulikuwa na mawingu, ikifika saa mbili usiku nyumba nzima iko gizani, na hao walioimaliza wamekwisha kwenda kulala kwao.

Sisi tuliamua kwamba siku za shule haiwashwi kabla ya taarifa ya habari, na Jumamosi mchana, jua likiwa kali na betri ikijaa huku inatumika, mlango uko wazi kwa kila mtoto. Majirani walizoea haraka kuliko nilivyodhani. Nadhani siku inayojulikana huudhi watu kidogo kuliko ruhusa inayotegemea mwenye nyumba ameamkaje.

---

Mama wa Luanda

Nawashukuru nyote. Chama chetu hukutana Jumapili alasiri, na nitalipeleka jambo hili kama Nyanya alivyoeleza, nikianza na watoto kulala mapema. Sharti la daftari nimelipenda, ingawa hesabu za gredi ya sita sina hakika nitaziweza. Ninaye binti aliye shule ya sekondari na nitamtwika mzigo huo. Mama mkwe ameambiwa kwamba rimoti ni yake na amekwisha kuifunga kwenye kitambaa.

Nina swali moja kwa fundi kabla hatujafunga mazungumzo. Wiki iliyopita mvua kubwa ilikuja na radi watoto wakiwa wamejazana ndani, nami nikazima televisheni kwa rimoti tu. Antena yetu iko juu ya mlingoti wa mkaratusi uliofungwa kwa waya wa chuma kwenye pembe ya nyumba. Je, kuzima kunatosha?

---

Fundi wa Ahero

Hakutoshi, Mama. Ukizima kwa rimoti, vifaa bado vimeunganishwa na stima, na waya wa antena bado unatoka juu ya mlingoti hadi ndani ya king'amuzi. Sehemu hizi zetu za karibu na ziwa, kutoka Kakamega hadi Kisii, zina radi nyingi na kali, hasa alasiri za miezi ya mvua, ambazo ndizo saa watoto wanatoka shuleni. Mawingu ya mvua yakianza kutanda, kabla ngurumo haijasikika, chomoa plagi ukutani na pia uchomoe waya wa antena nyuma ya king'amuzi, kisha uulaze mbali na vifaa. Watu wengi huchomoa plagi wakasahau antena, halafu wanashangaa king'amuzi kimeungua na mita haikuguswa. Ngurumo ikiwa tayari inasikika, usiguse waya wowote. Acha vifaa viungue, wewe na watoto mkae mbali na ukuta ule ambao waya unapitia.

Kifaa cha kulinda televisheni kinachouzwa madukani, ambacho wengi hukiita gadi, kinafaa stima inapopotea na kurudi kwa nguvu nyingi. Hakizuii radi, hata muuzaji akikuapia.

Huo waya wa chuma unaofunga mlingoti kwenye pembe ya nyumba nao unanitia wasiwasi zaidi kuliko televisheni. Mwite fundi auhamishe mlingoti usimame peke yake hatua kadhaa kutoka ukutani, juu yake patiwe ncha ya chuma inayoipita antena, na kutoka kwenye ncha hiyo ashushe waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozamishwa ardhini mahali penye unyevu. Kazi hiyo ifanyike kabla ya mvua za Machi, na siku ya kuchimba watoto wasiwe karibu na shimo.