Naomba ushauri: sensa ya joto la maji, gari la zamani

Wakuu habari zenu, gari langu la 1997 asubuhi linasumbua kuwaka, likishawaka linakula mafuta balaa na moshi mweusi, fundi kapima akasema sensa ya joto la maji (kile kifaa kinachopima joto la maji ya kupozea injini) imekufa. Nikanunua mpya, kuja kuifunga kumbe ina pini moja, yaani ni ile ya geji ya dashibodi, mi nataka ya pini mbili inayoenda kontroli boksi (kompyuta ya injini). Ya zamani namba zimefutika, nimesugua mpaka na brashi ya waya wapi. Sasa nitafute kwa namba ya chesesi au ya injini, maana injini ilishabadilishwa kabla sijalinunua? Na zikifanana thredi na soketi, omu (ukinzani wa umeme wa sensa) zinaweza kuwa tofauti?