Watoto wa darasa la kwanza wanaimba silabi lakini hawasomi: tufanyeje?

Mwalimu wa Kasulu

Habari za kazi, walimu wenzangu. Nafundisha darasa la kwanza huku Kasulu vijijini, chumba kimoja, watoto wanapita mia. Nikiwaonyesha chati ya "ba be bi bo bu" wanaitikia vizuri hadi mwisho. Nikifunika chati na kuandika "bo" peke yake ubaoni, wengi wanaanza kunong'ona toka "ba" mpaka waifikie. Nyumbani wanaongea Kiha, Kiswahili wanakikuta shuleni. Vitabu ni vichache, kimoja watoto wanne au watano, na nje ya kipindi hakuna anayevigusa. Naomba mbinu zinazofanyika kwenye darasa kama hili, siyo zile za watoto ishirini.

Mchikichi

Pole na kazi, mwalimu. Hao wanaonong'ona toka "ba" wanakuonyesha tatizo lilipo: wamekariri wimbo. Mradi silabi zinakuja kwa mpangilio uleule, mtoto hana haja ya kutazama herufi. Itoe hiyo chati ukutani kwa muda.

Anza na sauti. Herufi iitwe kwa sauti yake: m ni "mmm", midomo imefumbwa, siyo "em" wala "ma". Mtoto aliyeambiwa m ni "em" na a ni "ei" akiunganisha anapata "emei", na huwezi kumlaumu. Kwa kuwa sasa Kiingereza nacho kinaanza darasa la kwanza, kubaliana na mwalimu wake kwamba majina ya herufi za Kiingereza yasubiri mpaka sauti za Kiswahili zikae.

Irabu tano zitangulie, wiki moja au mbili. Konsonanti zifuate mbili kwa wiki: m, l, k, n, t, b. Nimeziweka hivyo kwa sababu. M na l sauti yake inavutika, kwa hiyo kuunganisha ni rahisi. K, t na b hukatika ghafla, ndiyo maana mtoto anakuambia "kə-a" (ə ni mguno mfupi baada ya k) badala ya "ka". M na n zinafanana kwa sauti na kwa umbo, usizifundishe pamoja. B na d ndizo hatari zaidi, ziachanishe kwa wiki kadhaa. R iwekwe mbali na l.

Kuunganisha kwenyewe: andika m kushoto mwa ubao na a kulia, kama urefu wa mkono katikati. Weka kiganja chini ya m, watoto waseme "mmmm" bila kukata pumzi, sogeza kiganja taratibu hadi kwenye a, sauti igeuke "aaa". Rudia ukizikaribisha herufi mpaka zishikane. Wengi hukosea hapa kwa kusema "m", kunyamaza, kisha "a". Ule ukimya ndio unaoua silabi.

Baada ya hapo changanya: "mo, la, ki, mu, lo". Onyesha silabi, hesabu kimoyomoyo hadi tatu, ndipo safu moja ijibu, kisha mtoto mmoja. Darasa zima likijibu kwa pamoja, watoto kumi wanasoma na waliobaki wanafuata sauti.

Usisubiri herufi zote ziishe ndipo uwape sentensi. Kwa konsonanti hizo sita tu wanasoma hii:

Kaka ana tikiti. Bata anaona tikiti. Bata anakula tikiti. Kaka analia. Mama analeta tikiti.

Hakuna herufi hata moja wasiyoijua, na ni kisa kamili. Mtoto akijua mwenyewe kwamba bata amekula tikiti, bila kuambiwa, hapo ndipo kusoma kunapoanza kumwingia.

Kipindi cha dakika 30 nakigawa hivi: tano za masikio tu bila maandishi, tano sauti mpya, kumi kuunganisha, zilizobaki imla fupi na sentensi. Imla iandikwe hata mchangani nje. Mtoto anayeweza kuandika "lima" kwa kuisikia ataisoma.

Mama Urambo

Naongezea kwenye zile dakika tano za masikio, maana wengi huziruka. Watoto wapige makofi kwa silabi za maneno wanayoyajua: mi-ge-bu-ka, manne. Da-ga-a, matatu, usikubali mawili. M-tu ni mawili, kwa sababu ile m inasimama yenyewe. M-bu vilevile, lakini mbo-ga m imeshikamana na b. Mtoto asiyesikia tofauti hiyo ataandika "mutu" na utamwona mzembe.

Kuhusu Kiha: irabu zake ni zilezile tano za Kiswahili, kwa hiyo watoto wako wana pa kuanzia. Kinachowakwamisha ni maana. Kabla ya kusoma "Bata anaona tikiti", chora bata, chora tikiti, na ikibidi sema neno la Kiha mara moja kisha rudi kwenye Kiswahili. Kutamka neno usilolijua ni kelele tu.

Huku kwetu Tabora, na huko kwenu pia, l na r zinabadilishana. Mtoto akisoma "habali" na anajua maana yake, amesoma. Mwache amalize sentensi ndipo urekebishe. Ukimkatisha kila neno atanyamaza mwaka mzima. Lakini tengeni muda wa zoezi lake, kwa jozi zenye maana tofauti: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Wewe tamka, wao wanyooshe kidole kwenye picha. Kwa l ncha ya ulimi inagusa na kutulia, kwa r inatikisika. Ng' nayo ifundishwe kama herufi moja pamoja na alama yake, kwa kulinganisha ng'ombe na ngoma.

Sanduku la Vitabu

Mwalimu umesema vitabu havigusi mtu. Viko wapi? Kama viko kabatini ofisini kwa kuogopa visichanike, basi ndiyo sababu. Kitabu kilichochanika kwa kusomwa kimefanya kazi yake.

Funga kamba ukutani usawa wa macho ya mtoto, vitabu vikae juu ya kamba vimefunguka katikati, jalada likionekana. Vikipungua, tengeneza: karatasi nne za A4 ukizikunja katikati unapata kurasa 16. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, shona kwa uzi mnene, jalada liwe la manila. Watoto wasimulie kisa, hata kwa Kiha, nawe uandike sentensi moja ya Kiswahili kila ukurasa, wao wachore. Hicho watakigombania kuliko cha dukani, maana kina maneno yao.

Jambo kubwa kuliko yote: wasomee kwa sauti kila siku, dakika kumi, saa ileile. Onyesha jalada, waulize wanadhani kutatokea nini. Simama mara mbili au tatu tu. Ukiuliza swali kila ukurasa hadithi inakufa. Kitabu kilekile kirudiwe siku tatu, siku ya tatu watakuwa wanakutangulia. Na usimalizie kwa mtihani. Wala kusoma kusiwe adhabu ya mchelewaji, tafadhali sana.

Ijumaa waazime, kwa daftari la majina na mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia: amsikilize mtoto kisha aulize, "Kimesema nini?"

Mwalimu wa Kasulu

Asanteni sana, nimeandika yote. Swali moja: wale walioachwa nyuma kabisa nitawajuaje kwenye watoto mia?

Mchikichi

Andika kwenye kipande cha boksi silabi kumi zilizochanganywa na sentensi moja fupi. Watoto kumi kwa siku, dakika moja kila mmoja, wengine wakiwa kwenye zoezi la kuandika. Ndani ya wiki mbili au zaidi kidogo umewamaliza. Utaona makundi matatu: wasiojua sauti za herufi, wanaojua sauti ila hawaunganishi, na wanaosoma silabi ila wanakwama kwenye sentensi. Kundi la pili huwa kubwa, na ndilo linalopanda haraka kwa lile zoezi la kiganja. Kundi la kwanza lipewe vizibo vya soda vilivyobandikwa herufi, watano watano, herufi nne tu kwa wakati. Wakishazishika ongeza moja. Pima tena baada ya mwezi kwa silabi nyingine, siyo zilezile, la sivyo watakuimbia hizo pia.