Mrejesho: mbwa wangu aliyekuwa akilialia

Ndugu zangu, nawaletea mrejesho kama nilivyoahidi. Niliomba ushauri kuhusu mbwa wangu jike wa miaka 4, aliyekuwa akilialia usiku na kila nikishika funguo za kutoka.

Uliyesema nianze kwa daktari wa mifugo, Mungu akubariki. Sikio la kushoto lilikuwa na maambukizi. Alitibiwa, na kilio cha usiku kikakoma ndani ya wiki. Inaniuma sana kwamba nilikuwa namkaripia, kumbe mwenzangu anaumwa.

Kilio cha funguo ndicho kilichonipa kazi. Nilimrekodi kwa simu nikiwa nje: anahema, anadondosha mate, hatulii mlangoni. Hiyo ni hofu ya kuachwa, si kudeka, kwa hiyo kumpuuza tu kusingesaidia. Nilianza kushika funguo mara nyingi kwa siku bila kwenda popote, mpaka mlio wa funguo ukaacha kumshtua. Kisha nikawa natoka sekunde 5 na kurudi kabla hajaanza kulia, halafu 30, halafu dakika 2. Siku moja niliruka hadi dakika 20, hofu ikarudi yote, tukaanza upya. Sasa ni wiki ya 9, na anaweza kubaki dakika 40 akiwa amelala.

Kulia akiomba chakula ni jambo jingine. Hapo nampuuza kweli, namtuza akinyamaza. Siku 3 za mwanzo alizidisha, lakini sikulegeza.

Radi zikipiga bado analia. Hilo nitaliuliza kivyake.