Ruta inakata kila jioni: ninunue mpya, kifaa cha kuongeza mawimbi, au nihamie faiba?

MkaziIyumbu: Habari za jioni wakuu. Waifai ya nyumbani imenichosha. Kila jioni inakata, nazima na kuwasha, robo saa imepotea tena. Nina 150,000 na Jumamosi naenda dukani. Ninunue nini?

FundiWaya: Mkuu, hujasema ruta ni ya aina gani, iko wapi ndani ya nyumba, na ikikata taa zake zinazima au zinabaki. Bila hayo tutakupigia ramli.

ZabibuDom: Faiba tu, intaneti ya waya mpaka ndani. Huku Kisasa, Dodoma, watoto wanaangalia katuni, mimi niko kwenye kikao, hakuna anayelalamika.

Miyuji_Juu: Faiba haijafika kila mtaa. Aulize kwanza kama nguzo zimefika kwake.

MamaNzuguni: Mwanangu, usinunue kitu bado. Mwaka jana yangu ilikuwa inazimika yenyewe. Fundi akasema imekufa, nikatoa 120,000 ya mpya. Akaifunga kwa adapta ya zamani kwa kuwa waya wake ni mrefu. Wiki ya pili, yale yale. Nikaongeza kifaa cha mawimbi, 60,000, hakuna kitu. Mwisho kijana wa jirani akapima adapta: imeandikwa volti 12, ikibeba mzigo inatoa 9. Adapta ya 15,000 ikamaliza kazi. Ile pesa ilikuwa ya ada ya mtoto, inaniuma mpaka leo.

MkaziIyumbu: Pole sana mama. Yangu ni ya laini, 4G. Taa zinabaki. Ipo sebuleni nyuma ya tivii, nafanyia kazi chumba cha pili.

FundiWaya: Basi adapta siishuku sana, ila ipime. Jioni watu wakirudi nyumbani mnara unalemewa. Unganisha kompyuta kwa waya. Ikikata hata hapo, shida iko kwenye laini au ruta yenyewe. Jaribu laini ya mtandao mwingine. Isipokata, ni waifai: itoe nyuma ya tivii, ipandishe juu ya kabati, na kwenye gigahezi 2.4, moja ya masafa mawili ya waifai (lingine ni 5), chagua chaneli 1, 6 au 11, yaani njia ya mawimbi. Hizo haziingiliani.

ZabibuDom: Aachane na 2.4, ahamie 5.

Miyuji_Juu: 5 ina kasi ila ukuta unaimeza, na mwenzetu yuko chumba cha pili! Apanguse na vumbi pia, matundu yakiziba ruta inachemka.

ZabibuDom: Joto lingekata mchana, siyo jioni.

Miyuji_Juu: Nyumba ya bati bila dari inakaa na joto mpaka usiku. Njoo kwangu Oktoba uone.

MamaNzuguni: Na umeme je? Jioni kwetu taa zinafifia kabisa. Stabilaiza nzuri, ile ya kutuliza umeme, inapatikana wapi hapa mjini?

MkaziIyumbu: Nimejaribu waya jana. Imekata mara moja tu, siku zote ni mara tatu au nne. Narudia leo. Jumamosi siendi dukani.

ZabibuDom: Mama, stabilaiza ya friji au ya nyumba nzima?