Guta tukiligeuza hapa kwetu, litamwaga wapi?

Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu Tabata bondeni, Dar es Salaam, kando ya Mto Msimbazi, wakazi tumekubaliana kuweka zamu ya usiku. Guta (ile baiskeli ya mizigo ya matairi matatu) likija kumwaga taka linageuzwa, mwenyewe akibisha anapelekwa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tumechoka. Kila masika mtaro unaziba, maji yanaingia ndani pamoja na uchafu wa wanaotapisha vyoo mvua ikianza (hao nao wana mjadala wao). Mchango nimetoa na zamu nitakaa, ila moyoni sijaridhika. Naomba mnibishie.

Tabata hatujaanza leo. Mwaka 1988 wakazi waliishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa ajili ya dampo lililokuwa likiwafukizia moshi, wakashinda. Jiji likawa linaomba muda, linaomba tena, mpaka 1991 Jaji Lugakingira alipokataa: kuhatarisha maisha ya watu namna ile ni kuvunja ibara ya 14 ya Katiba, haki ya kuishi.

Wazee wakisimulia, hapo ndipo wanapomalizia. Na yale magari ya taka yalikwenda wapi? Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo wa 1991 watu wa Mtongani nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Dampo likahamia Vingunguti, bonde hilihili la Msimbazi tunalolililia, baadaye Mtoni, leo liko Pugu Kinyamwezi. Taka za jiji zimekuwa mpangaji anayetimuliwa kila nyumba.

Sasa guta tutakalolifukuza sisi litashuka Kigogo, na mvua ikinyesha mzigo wote utakutwa Jangwani. Halafu hawa vijana wa maguta hawaokoti taka barabarani, wanalipwa na watu wasiotaka kutoa ada ya taka. Nilimuuliza mmoja anabeba za nani. Akanitajia nyumba tatu. Mbili ni za wanakamati wa hii zamu yetu!

Mimi nasema hela ya tochi na chai ya walinzi tuwalipe hao vijana wapeleke taka kizimbani, pale gari la taka linapochukulia mzigo, na kila nyumba ionyeshe stakabadhi yake. Nani ananipinga?

Mama wa Bondeni: Kaka, wewe bila shaka unakaa juu juu huko. Maji yakifika dirishani kwangu nibebe watoto au nimfikirie mtu wa Kigogo? Na yeye alinde kwake. Hao wa 1988 wangekaa kupiga hesabu za Mtongani, moshi ungewamaliza. Stakabadhi tutadaiana baadaye, mvua haisubiri.

Fundi Baiskeli: Kizimba gani, mkuu? Cha kwetu gari la taka linakuja likijisikia. Wiki mbili mzigo uko pale, mbwa wanachana viroba, jirani wa kizimba anatukana kila anayepita. Mwenye guta akiulizwa atasema mtoni ni karibu, na hasemi uongo.

Mleta mada: Mama, nakaa bonde hilohilo, godoro langu liko juani toka juzi. Fundi, hapo kwenye gari umenikamata, sikulifikiria. Basi Jumapili kwenye kikao ajenda ya kwanza iwe ratiba ya gari, zamu ifuate. Na zile nyumba mbili nitazitaja mlemle kikaoni, wenyewe wakiwepo.

Mama wa Bondeni: Zitaje. Na mimi nitakuja. Ila zamu ya usiku huu ni yako, usituzungushe.